Deni la Kifumbu

Siku ya arubaini, hitima ikiisha, vikombe vikioshwa,
tulilifungua sanduku la Ami Shekuwe
sebuleni Kibokoni, mikeka ingali chini.
Miaka ishirini na saba fundi wa mitambo melini,
akiondoka Kilindini, akirudi Kilindini,
na ukimuuliza ameona nini huko
hujibu: "Joto. Na watu."

Juu, gazeti la Kireno lenye rangi ya chai.
Chini yake kilemba cha manyoya ya kasuku,
mekundu, ya manjano, na buluu
nisiyopata kuiona hata kwenye leso isiyoguswa maji.
Upande mmoja umeliwa na nondo.
Binamu Athumani akakivaa, akacheka,
akakivua upesi
kama mtu aliyetoka msikitini na viatu visivyo vyake.

Kisha visahani viwili vya mti, vyepesi kama kifuu.
"Magurudumu ya gari la mtoto," akasema.
Shangazi Barke hakumjibu. Alijigusa sikio.
Mamake alikuwa na ndewe za kupita kidole gumba,
akivaa majasi ya karatasi zilizokunjwa, nyekundu na za dhahabu;
siku alipoingia eda aliyavua,
masikio yakaning'inia kama mifuko iliyopekuliwa.

Na kibuyu, cha kutosha kiganja.
Nilikizibua: unga mwekundu, harufu ya ua wa Kwale.
Mzingifuri! Ndio tuliojipaka midomoni utotoni
tukicheza maharusi nyuma ya kisima.
Katika daftari la Ami, lenye maneno machache kama mwenyewe:
"Hujipaka uso. Na weusi wa tunda, hukaa siku kumi, kama piko.
Nilipakwa mkono. Sikuosha."

Chini kabisa, kitu kirefu kilichosukwa,
ngozi ya chatu bila chatu.
Ala ya upanga, mmoja akasema. Mtego wa mikunga, mwingine.
Shangazi akakivuta: kikakonda.
Akakisukuma: kikafura tumbo.
"Kifumbu hiki! Mbona kimerefuka hivi?"

Ukaletwa muhogo wa Marikiti, ukaparuzwa,
ukashindiliwa ndani, kikatundikwa
kwenye kulabu ya pembea ya zamani.
Akapitisha mchi kwenye kitanzi cha chini, akaukalia.
Kikanyooka. Kikalia kama kitanda.
Maji meupe yakachuruzika kwenye beseni
na sisi sote, wenye vyeti na wasio navyo, tukanyamaza.

Daftari: "Muhogo ulitoka kwao. Sisi tunasema wetu."

Maalim Badi, aliyekuja kugawa mirathi,
akauliza anavyouliza siku zote:
"Marehemu ana deni?"
La duka lilishalipwa. Fundi cherehani alishasamehe.
Nikafunua ukurasa wa mwisho.
"Kifumbu. Niliazima nitazame kinavyosukwa.
Meli ikapiga honi. Nirudishe.
Mwenyewe: mama wa nyumba ya tatu kutoka majini."

Tarehe ni ya kabla sijazaliwa.
Jina la mto lipo. La mama, hapana.
La watu wake ameliandika, akalifuta, akaliandika, akalifuta,
kama mtu aliyesikia vizuri
na hana herufi za kulitia.

Athumani alikuwa keshapatana bei ya kile kilemba
na mtu wa duka la vitu vya kale, Ndia Kuu.
Akazima simu.
Deni hutangulia urithi; hilo hata yeye analijua.

Usiku ule Shangazi aliroweka miyaa.
"Chake kitarudi na chetu," alisema,
"asidhani tulikaa nacho bure."
Mimi nikapewa karatasi na kalamu, niandike anwani.
Nimeandika: Nyumba ya tatu kutoka majini.
Kalamu bado iko mkononi.